Ugonjwa Usio wa Hospitali

Ilolangwima, Ushirombo
6 Juni 1982

Mdogo wangu Donatus,

Pokea salamu za huku. Mama amekaa hapa pembeni anachambua choroko na kunisahihisha kila ninachoandika, ingawa kusoma hajui. Anamsalimu mkwewe Bhoke na anauliza tumbo limefikia wapi. Pamba tumevuna lakini wanunuzi hawajafika, imejaa chumba cha watoto mpaka juu. Sabuni hatujaiona tangu Pasaka, tunafulia majani ya mpapai. Esta amepata kipaimara. Marselino kang'oka meno mawili ya mbele na anajiona mzee. Macho ya Mama yanazidi kuwa mekundu kwa moshi wa miti ya pamba, na kuni nyingine hatuna.

Sasa nisikilize. Shemeji yako Mihayo amerudishwa nyumbani Jumatatu juu ya lori. Aliyemleta ni kaka yake Januari, ambaye walikuwa wanachimba naye huko kwenu Geita. Mihayo mdomo umevutwa upande, mkono na mguu wa kuume vimekufa, na kusema hawezi, anatoa sauti tu. Mwanamume aliyekuwa anabeba magunia mawili leo namlisha uji kwa kijiko, na nusu unarudi.

Januari anasema walimpeleka kwako kituoni mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshakuwa hivi, na wewe ukasimama mlangoni ukawaambia, "Mrudisheni nyumbani, ugonjwa huu si wa hospitali." Neno hilo amelisema mbele ya wazee wote wa ukoo wao.

Donatus, ulisema hivyo? Mgeni angelisema ningemsamehe. Wewe umezaliwa huku, unajua mtu wa hospitali akilisema neno hilo, watu wanakwenda wapi moja kwa moja. Nijibu upesi.

Dada yako,
Paskazia

*

Kituo cha Afya, Igandilo, Geita
29 Juni 1982

Dada Paskazia,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana, ilipitia Kahama kwa sababu nisizozijua. Mpe Mama shikamoo yangu. Bhoke yu mzima, tumbo ni miezi mitano, anatapika asubuhi. Huku dawa ni za mgao na wagonjwa ni mia kwa siku, wengi wachimbaji, na mimi ndiye mganga peke yangu pamoja na muuguzi mmoja. Habari njema ni kwamba jina langu limepelekwa mkoani kwa ajili ya kozi ya kupanda cheo. Mniombee.

Nimesikitika sana kwa habari ya shemeji. Mnyooshee mkono na mguu kila asubuhi na jioni, mmpake mafuta, mgeuzeni asilale upande mmoja akachubuka. Mpunguzieni chumvi. Msimpe pombe. Nguvu zinaweza kurudi kidogo kidogo, na wengine hurudi kabisa.

Kazini, dada, mtu husema maneno mengi kwa siku. Wasikilizaji nao kila mmoja hubeba lake. Nakushauri usiyape uzito mambo ya Januari.

Nitatuma sukari nikipata mtu.

Ndugu yako,
Donatus

*

Ilolangwima
18 Julai 1982

Donatus,

Salamu tupu nimezipokea, na majibu ya yote nisiyokuuliza. Nilikuuliza neno moja, ulilisema au hukulisema. Umenijibu habari za kutapika kwa Bhoke. Mama ndiye anayekushukuru, mimi naandika tu.

Pamba imenunuliwa. Marselino anaumwa surua, anaendelea vizuri. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Nilimpeleka Mihayo kwa sista mzungu wa zahanati ya parokia. Alimfunga ule mkanda mkononi akapuliza, akatikisa kichwa, akasema presha iko juu mno, mshipa umepasuka kichwani, kinaitwa kiharusi. Akauliza kama Mihayo alikuwa na dalili kabla. Januari akajibu ndiyo, siku tatu kabla mkono wa kuume ulikuwa unamfa ganzi, sururu inamponyoka, kichwa kinamgonga, na ndiyo sababu walikuja kwako mara ya kwanza. Sista akaomba kadi. Kadi ninayo mimi, Donatus, nimeitoa mfukoni mwa suruali yake. Mwandiko naujua, nilikushika mkono kukufundisha herufi. Umeandika: tarehe 24 Mei, malaria, klorokwini vidonge kumi, aspirini sita. Mtu anakwambia mkono wake unakufa, wewe unampa vidonge vya malaria. Mkanda hukumfunga. Januari anasema ulikuwa unasaini makaratasi huku ukimsikiliza.

Hayo ningeyameza. Mtu hukosea. Lakini alipoletwa mara ya pili uliona kosa lako limelala kwenye machela, ukalifukuza. Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema wahenga, ila hawakusema kilio cha nyumba ya nani.

Wenzetu wameshakwenda kupiga ramli kwa mfumu, yule mpasua kuku wa ng'ambo ya mto. Kuku amesema ni mwanamke, yumo humu humu bomani, amekuja kutoka kwingine, na macho yake ni mekundu. Nikuandikie jina au umeshalijua? Januari hali tena chakula kilichopikwa na Mama. Wake zao wanaficha watoto Mama akipita.

Nikawaambia maneno ya sista. Januari kanijibu, "Mzungu anajua ya kizungu tu. Donatus ni mtoto wetu, anajua ya hospitali na ya nyumbani, na yeye ndiye aliyesema."  Umekuwa mtu mkubwa kweli.

Nataka cheti. Uandike ni kiharusi, ni presha, ni mshipa wa kichwa, wala hakuna mtu aliyemfanya. Upige muhuri. Januari kusoma hajui lakini muhuri anaujua.

Paskazia

*

Kituo cha Afya, Igandilo
15 Agosti 1982

Dada Paskazia,

Shikamoo. Leo ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, nimewakumbuka wote katika misa. Pole kwa surua ya Marselino. Sukari kilo mbili na mche wa sabuni nimempa mchukuzi wa barua hii, uhakikishe vimefika.

Kuhusu hilo uliloandika, nakuomba tuelewane kwa utulivu. Kwanza, ile kadi ni mali ya serikali, si ya mgonjwa wala ya familia. Tafadhali niirudishie kwa mtu wa kuaminika, ndani ya bahasha. Usimwonyeshe tena sista wala mtu yeyote. Pili, homa huku ni ugonjwa wa kila mtu, na mtu mwenye kichwa kinachogonga katika mwezi wa Mei hutibiwa malaria, ndivyo tulivyofundishwa. Kipimo chetu cha presha mpira wake unavuja. Tatu, mara ya pili hakuandikishwa kwenye rejesta, kwa hiyo kwa mujibu wa taratibu siwezi kutoa cheti cha mtu ambaye hakupokelewa. Nikikitoa nitaulizwa kwa nini hakupokelewa. Wakaguzi wanakuja Septemba kabla ya majina ya kozi kutoka. Dada, nimekaa miaka tisa katika cheo hiki. Ninyi hamjui.

Kuhusu Mama, mawazo yangu ni aje huku kwangu akapumzike. Ila nyumba ni chumba na sebule, na Bhoke anatarajia kujifungua mwishoni mwa Oktoba. Mama yake atakuja kumwangalia, nafasi itakuwa ndogo. Tuseme Desemba.

Ndugu yako,
Donatus

*

Ilolangwima
2 Septemba 1982

Donatus,

Sukari imefika. Sabuni pia. Mama ameukata mche vipande vinne, robo amempelekea mke wa Januari kama zawadi. Imerudishwa na mtoto, imeshikwa kwa jani.

Desemba ni mbali. Hapa tunahesabu wiki.

Mama hajui ni nani aliyesema. Sijamwambia. Anakaa kwenye kigoda chake anawaambia wapita njia, "Ngojeni Donatus wangu aje, atawaeleza huu ni ugonjwa gani." Wanacheka wakishapita. Jana aliniomba nikuandikie maneno yake, nami nayaandika alivyoyasema: "Mwanangu, siwadai hawa watu neno baya, wana uchungu wa ndugu yao. Wewe wana imani na wewe. Njoo siku moja tu useme, urudi kazini kwako." Sasa nawe umesikia.

Mihayo anaelewa kila kitu. Januari akianza maneno yake, Mihayo anapiga mkeka kwa mkono wa kushoto huku analia kama mtoto. Wao wanasema ni uchawi unamtikisa kwa sababu Mama yuko karibu.

Basi tufanye biashara, maana naona undugu haukutoshi. Kadi hii unaiogopa. Siku nitakayopokea cheti mkononi, siku hiyo hiyo naitia motoni, hata sista akiitaka ataambiwa imepotea. Habari ya malaria uliyotibu siulizi tena. Niandikie tu ni kiharusi.

Paskazia

*

Kituo cha Afya, Igandilo
20 Septemba 1982

Dada mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama. Wakaguzi walikuja wakaondoka, kazi imeonekana safi. Jina langu limerudi, nitakwenda kozi mwezi wa kwanza, Mungu akipenda. Bhoke hawezi tena kuinama.

Nimefikiri sana nikaona si vizuri ndugu kuvutana. Cheti kimo ndani ya bahasha ya pili, nimeifunga na kupiga muhuri juu ya gundi na ndani pia. Nimeandika kadiri inavyowezekana kwa mtu wa nafasi yangu. Natumaini kitatuliza mioyo.

Naomba utimize ahadi yako ya kile kitu.

Wako,
Donatus

*

Ilolangwima
10 Oktoba 1982

Donatus,

Nilituma simu ya maandishi tarehe 5. Sijui kama ilikufikia. Hukuja, basi nakuandikia kama kwa mtu asiyejua lolote.

Bahasha yako ilifika Jumamosi tarehe 2. Nilipoona muhuri niliimba. Niliitia kadi motoni kwanza, kabla ya jambo lolote, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Bahasha ya ndani sikuifungua. Januari alikuwa ametaka ifunguliwe mbele ya wazee ili nisiseme nimesoma kisichoandikwa, na mimi nilikubali kwa furaha. Nilimvika Mama khanga yake ya Pasaka. Nikamkalisha mbele.

Mwalimu wa shule alisoma kwa sauti. Nimeyashika yote: "Nathibitisha kuwa Mihayo alifika kituoni hapa tarehe 24 Mei akiwa na homa, akatibiwa ipasavyo. Hali iliyompata baadaye haikutokana na malaria wala na matibabu ya kituo hiki. Sababu yake haikujulikana." Mwalimu akageuza karatasi kutazama nyuma kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Wazee wakaguna. Januari akasema taratibu kabisa, bila hasira, "Mara ya pili amesema. Hata kwa ajili ya mama yake mzazi hakuweza kudanganya."

Mama alinigeukia akauliza, "Ameandikaje, mbona wamenyamaza?" Nilimwambia umeandika vizuri.

Jumanne saa nne asubuhi alikwenda kung'oa mihogo. Esta alimfuata na maji. Esta ndiye aliyemkuta. Wamemkata shingoni na mikononi, mikono kwa sababu aliiinua. Jua kali, watu wako mashambani pande zote, na hakuna aliyeona. Polisi wamekuja wakaandika watu wasiojulikana. Wewe sababu haikujulikana, wao watu hawakujulikana. Mmesoma shule moja.

Tumemzika Jumatano. Padre alikuja. Waliochimba kaburi ni wanafunzi wa katekista, ukoo wa Januari hawakushika jembe, lakini Januari alikuja msibani, akala, akanipa pole. Anakusifu. Kila anapokaa anakusifu, anasema daktari wa namna yako hakuna wilaya nzima.

Na kwa sifa hizo wanakuja kwako tena. Juzi Telesphori, yule fundi baiskeli wa njia panda, ameamka mdomo umepinda, mkono wa kuume umelala. Mama yake wa kambo ni Bi. Coletha, aliyekuwa anasali rozari na Mama. Ni mjane, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi ule ule. Wamekubaliana wasiende kwa mfumu kwanza. Wanakuja kwako Alhamisi tarehe 21, wakiongozwa na Januari, ili useme.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia tu usije ukasema kuwa hukujua.

Paskazia

*

Kituo cha Afya, Igandilo
24 Oktoba 1982

Dada Paskazia,

Shikamoo. Simu ilinikuta tarehe 9, na barua yako Jumatano, siku moja kabla hawajafika. Sina maneno ya Mama. Nimeanza karatasi tatu nikazichana. Bhoke amejifungua mtoto wa kike tarehe 17, nimempa jina la Mama. Bhoke anauliza kwa nini silali. Namwambia ni kazi.

Nakueleza ya Alhamisi kama yalivyokuwa, ili usiyasikie kwa Januari.

Walikuja saa tatu, wanaume sita na mgonjwa kwenye machela ya miti. Nilikuwa nimeazima kipimo cha presha kizima kutoka hospitali ya wilaya, kwa miguu yangu. Nilimwandikisha Telesphori kwenye rejesta. Nikampima mara tatu, juu ilikuwa mia mbili na ishirini. Nikamwangalia macho, nikamgonga magoti, nikamwambia atoe ulimi, yote niliyofundishwa. Kisha nikawakalisha wote sita kwenye benchi nikawaeleza. Nilisema hiki ni kiharusi, ni mshipa wa damu kichwani, kinaletwa na presha, huwapata maskini na matajiri, na hakuna mtu aliyemfanya huyu. Nikasema ugonjwa huu ni wa hospitali. Nilisema kwa Kisukuma pia ili asibaki mmoja.

Walinisikiliza kwa adabu. Halafu Januari akasema, "Shemeji, Mihayo hukumshika hata mkono, ukatuambia. Huyu umemshika asubuhi nzima. Mdomo ni ule ule, mkono ni ule ule. Kama huyu ni wa hospitali, Mihayo alikuwa na nini?"

 Kulikuwa na vijana wawili nyuma yake, mmoja anatafuna muwa. Akaacha kutafuna. Wote wawili walinitazama, na nilijua ni wao, dada, kama ninavyojua jina langu. Januari akarudia, "Maana kama ni ugonjwa mmoja, basi yule mama alikufa bure, na sisi tuna hatia ya damu. Tuambie."

Nilifikiri mambo mengi kwa haraka. Nilifikiri nikisema ndiyo, ni mmoja, hawataniamini hata kidogo. Watasema Bi. Coletha amenihonga, watarudi kwao na mapanga. Nilifikiri pia habari za wale vijana wawili, na mtoto wangu wa siku nne nyumba ya pili, na kozi. Sikufichi. Nilifikiri yote.

Nikawaambia, "Wa Mihayo ulikuwa tofauti."

Walipumua wote pamoja. Yule kijana akarudi kwenye muwa wake. Januari alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Telesphori nimempa dawa na nimempeleka wilayani kwa gari la kituo. Bi. Coletha hawatamgusa, wamesema mbele yangu. Kwa hilo nimeokoa roho ya mtu, dada. Nataka nawe ulione hivyo. Mama mwenyewe angependa rafiki yake apone.

Niandikie hata mstari mmoja.

Donatus

*

14 Novemba 1982

Donatus,

Hongera ya mtoto. Akue.

Bi. Coletha yu hai. Amekuja kwangu akilia, akanishika magoti, kwa sababu anajua amenunuliwa kwa gharama gani. Telesphori ameanza kutembea na fimbo.

Mwanzo aliyemtaja Mama alikuwa kuku tu, na wapo waliokuwa wanamtilia mashaka, hata baadhi ya wazee wao walianza kunong'ona kwamba huenda wameua bila sababu. Mmoja aliniletea mtama kwa siri. Waliporudi na jibu lako, minong'ono imekwisha. Sasa ni neno la mtoto aliyemzaa, daktari, aliyeulizwa mara tatu. Msalaba wa kaburi wameung'oa siku waliyorudi kutoka kwako. Mihayo wamemhamishia kwa Januari. Alishika mlango kwa mkono wa kushoto, wakambandua kidole kimoja kimoja. Wanasema hatapona akilala na mimi.

Kwa nini na mimi, unajua, ulilelewa humu. Uchawi mwanamume haurithi. Mama humwachia binti. Shuleni hakuna anayenywea kikombe alichonywea Esta. Juzi mtoto wa jirani aliumwa tumbo, mama yake akaja kusimama uani kwangu, hakusema kitu, akanitazama macho, mimi na Esta, akaondoka. Mimi nami napikia miti ya pamba, Donatus.

Nimekwisha kufunga mzigo. Utaona barua hii haina jina la mahali juu yake, na anayeipeleka posta hajui ninakotoka wala ninakokwenda. Usimwulize padre, sijamwambia. Januari atakuja kwako kuuliza, kwa kuwa wewe ni ndugu na nyinyi mnaheshimiana. Umeulizwa na watu mara tatu, na mara zote umewapa jibu la kukuacha wewe salama. Safari hii nimehakikisha huna la kuwajibu.

Paskazia